Ana kila kitu nyumbani, biashara ya nini?

Safari hii barua karibu zote zimeangukia jambo moja. Wasichana wameandika, baba mmoja ameandika, hata mwanafunzi wa chuo ameandika akiwa na haraka ya kukabidhi utafiti wake. Wote wanatoka katika familia zinazoshika mila na dini barabara, na kila mmoja kwa upande wake anauliza kwa nini mabinti wa siku hizi wameng'ang'ania biashara. Nimechagua barua tano. Majina nimeyaficha, kama ilivyo kawaida yetu.

Barua ya kwanza

*Dada mwandishi, habari za kazi. Binti yangu mkubwa alimaliza chuo mwaka jana. Kwangu halali njaa, nguo anavaa, simu anayo, na wachumba wameshaanza kupiga hodi. Juma lililopita alinijia kwa adabu zote akaniambia anataka kushona mavazi ya staha na kuyauza mtandaoni. Nikamuuliza, "Mwanangu, umekosa nini hapa?" Akainamisha kichwa, hakujibu. Ndugu zangu wakisikia watasema nimeshindwa kumtunza. Hebu nieleze, ni kitu gani hasa kinachowasukuma hawa watoto?*
*Baba wa mabinti watatu*

Kaka yangu, hakujibu kwa sababu swali lako halina jibu la adabu. Akisema amekosa pesa, amekuvunjia heshima wewe unayemlisha. Akisema hakukosa kitu, amejifungia mlango mwenyewe. Sasa angefanya nini kama si kuinama? Nami niliwahi kuinama hivyohivyo mbele ya marehemu baba, kwa hiyo niruhusu nimjibie.

Kwanza anatafuta kauli. Msichana anayetunzwa vizuri bado ni mtu wa kuomba. Akitaka kitabu anaomba, akitaka kumpelekea zawadi rafiki yake aliyejifungua anaomba, na kila ombi lazima lije na maelezo. Kuomba si dhambi, ila kunachosha, hasa mtu akishasoma na kuvuka miaka 20. Mimi nilianzia ushonaji kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwetu. Wateja wangu walikuwa wanawake watupu, wakipita mlango wa uani ili wasikutane na wageni wa baba. Faida ya mwanzo ilikuwa ndogo, maisha ya nyumbani hayakubadilika hata kidogo. Halafu paa likaanza kuvuja. Baba na ami zangu wakakaa kikao, mimi nikapita na sinia la vikombe kama siku zote. Walikuwa wanajua kwamba katika fedha za kununulia mabati mna mchango wangu, mdogo tu. Ami mkubwa, ambaye tangu nizaliwe hakuwahi kuniuliza jambo zaidi ya hujambo, akasema, "Hebu ngoja kwanza. Wewe unaonaje, tuezue lote au tuzibe?" Nikaweka sinia chini, nikasema ninavyoona. Walifuata nusu ya maneno yangu, tena si ile nusu nzuri. Lakini niliulizwa. Binti yako anakitafuta kikao cha namna hiyo, na hawezi kukuambia hivyo usoni.

La pili ni kwamba biashara ni kazi inayoweza kukaa ndani ya masharti yako. Kazi ya ofisini ina saa zake, ina bosi ambaye humjui, ina safari ya asubuhi na kurudi giza likiwa limeingia. Ungekubali? Labda, baada ya vikao vitatu. Kushona nyumbani na kuuza kwa simu, yeye ndiye anayepanga saa, mahali na mteja. Nimewaona wasichana wanaouza nguo mtandaoni bila hata siku moja kuonyesha sura: kitambaa kimetandazwa juu ya shuka jeupe, kwenye picha kuna mikono miwili inayoonyesha pindo, na sauti haipo. Mzigo anaupeleka kaka mtu. Watu wa nje wakiona wasichana wa jamii kama yetu wakifanya biashara hudhani ni uasi. Wengi wao wako mbali na uasi. Wametafuta kazi ambayo haitamfedhehesha baba wala haitawafedhehesha wao, wakaipata.

Jambo hilo si geni. Mwaka 1959, huko Mumbai, wanawake 7 walikopa rupia 80 wakaanza kutengeneza chapati nyembamba za kukausha, papad, juu ya paa la jengo walimoishi. Utaratibu waliouweka ndio uliowaingiza wengine: mwanamke anachukua unga uliokandwa, anausukuma nyumbani kwake kati ya kazi zake, anarudisha zilizokauka na kulipwa. Hakuna mume aliyelazimika kukubali kwamba mkewe "anafanya kazi nje". Ushirika huo, Lijjat, leo una maelfu ya wanawake.

Halafu kuna hili ambalo akina baba hawalifikirii. Pale ambapo wanawake na wanaume hukaa mbalimbali, nusu ya soko imefungwa kwa mfanyabiashara mwanamume. Nani atampima mwanamke kifua na kiuno? Nani ataulizwa kwamba vazi hili la kunyonyeshea linafunguka wapi? Binti yako anaijua kero hiyo kwa sababu anaivaa. Ameona nguo za staha zinazouzwa zinabana kwapani au zinaonyesha mwili mtu akisimama juani, na amejua kwamba anaweza kushona zilizo bora. Huo si upepo wa mitandao, ni jicho la biashara, na jicho hilo amelipata kwa malezi yako mwenyewe.

Kama nyumba yako ni ya Kiislamu, Bi Khadija unamjua kuliko ninavyoweza kukusimulia: misafara yake ya biashara ilitoka Makka kwenda Shamu, na Mtume mwenyewe aliwahi kuwa wakala wake kabla hawajaoana. Kama ni ya Kikristo, fungua Mithali 31. Yule mke mwema anayesifiwa kila harusi anaangalia shamba, analinunua, anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, tena anashona nguo za kitani na kuziuza. Sijui kwa nini wahubiri wengi huishia kwenye kuamka mapema.

Limebaki la ndugu zako. Nchini Saudi Arabia watafiti waliwauliza vijana wa kiume waliooa, mjini Riyadh, kama wanaona ni sawa wanawake kufanya kazi nje ya nyumba. Zaidi ya 8 katika kila 10 walisema ni sawa. Walipoulizwa wenzao wanafikiri nini, wengi walidhani wenzao wanakataa kuliko ilivyo kweli. Wengine walipoonyeshwa maoni halisi ya wenzao, wakawa tayari zaidi kuwaandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafuta kazi. Yaani kila mmoja alikuwa anamwogopa jirani, naye jirani anamwogopa yeye. Wasemeshe ndugu zako mmoja mmoja, si kwenye kikao. Na binti ukimwita tena, lile swali la umekosa nini liache. Muulize wateja wake 5 wa kwanza ni akina nani, kitambaa atanunua wapi, na hesabu ataandika wapi. Hapo atainua kichwa, na utashangaa alivyojipanga.

Barua ya pili

*Mama, shikamoo. Niko mwaka wa mwisho chuoni. Utafiti wangu unahusu kinachowafanya wasichana wa jamii zinazoshika mila waanzishe biashara. Nimegawa madodoso 40, karibu wote wametia alama kwenye "kuongeza kipato". Msimamizi wangu anasema basi jibu ni umaskini, nifunge kazi. Moyo wangu unakataa.*
*Mwanafunzi*

Marahaba mwanangu. Usifunge. "Kuongeza kipato" ndilo jibu lisilomuudhi mtu yeyote, na dodoso lako limejazwa sebuleni, mama mkwe yuko nyuma ya pazia anasikiliza kalamu. Hata mimi ningetia alama hapo.

Rudi kwa hao wasichana, hata kumi tu, na uwaulize mambo yenye kushikika. Faida ya kwanza ulinunulia nini, na nani alijua? Laini ya simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa jina la nani? Namba ya siri anaijua nani mwingine? Ukipewa kazi ya kuajiriwa yenye kipato hichohicho, utaiacha biashara? Majibu ya swali hili la mwisho ndiyo yatakayomshtua msimamizi wako. Atakayesema hataki ajira ana sababu iliyozidi pesa, na hapo ndipo utafiti wako unapoanzia.

Vitabuni utakuta sababu zimegawanywa mafungu mawili: msukumo, yaani shida inayomtoa mtu alipo, na mvuto, yaani kitu anachokitamani. Mgawanyo huo unasaidia, lakini usiwagawe nao wasichana, huyu wa msukumo, yule wa mvuto. Ndani ya msichana mmoja yote mawili yamo, na hubadilika. Anayeanza kwa sababu baba ameugua anaendelea baba akishapona, kwa sababu ameonja kuamua.

Na msukumo wenyewe si njaa peke yake. Tazama Iran: wanawake wamejaa vyuo vikuu, lakini walio katika nguvu kazi hawafiki hata mmoja katika kila watano. Shahada ipo, kiti cha ofisini hakipo. Msichana wa namna hiyo akifungua biashara utamwita maskini? Tazama Afghanistan, ambako vyuo vikuu vilifungwa kwa wanawake Desemba 2022 na kazi nyingi zikapigwa marufuku. Kushona na kufuma zulia ndani ya nyumba vikabaki miongoni mwa njia chache. Hata saluni za wanawake, biashara ya mwanamke kwa mwanamke mahali wanaume hawaingii, ziliamriwa zifungwe Julai 2023. Sasa geukia Saudi Arabia, mambo yalikwenda kinyume chake: mwaka 2018 serikali iliondoa sharti la idhini ya mlezi wa kiume kwa mwanamke anayetaka kufungua biashara, mwaka huohuo wakaruhusiwa kuendesha magari, na lengo la kufikisha asilimia 30 ya wanawake katika nguvu kazi, lililokuwa limewekewa mwaka 2030, likapitwa mapema sana. Mmoja anaingia kwenye biashara kwa kuwa milango imefungwa, mwingine kwa kuwa imefunguliwa. Ukiandika "jamii za kihafidhina" bila kusema ni ipi na mwaka gani, umeandika hewa.

Ongeza na hili kwenye sura yako ya usuli, litawanyamazisha wanaodhani uhafidhina ni wa dini moja au bara moja. Ufaransa, mpaka sheria ya mwaka 1965, mume aliweza kumzuia mkewe asifanye kazi, na mke hakuweza kufungua akaunti ya benki bila idhini yake. Marekani, mpaka mwaka 1988, yapo majimbo ambako mwanamke aliyeomba mkopo wa biashara aliweza kudaiwa saini ya mwanamume wa familia yake.

Barua ya tatu

*Mama, shikamoo. Nina miaka 26, nimeolewa. Nauza vipodozi na manukato nyumbani, wateja ninao. Mume wangu ana duka lake. Kila nikipata faida anaichukua kwa ajili ya duka, anasema ni kwa muda. Si mtu mbaya, ananitunza. Lakini siku hizi najikuta sina hamu. Najiuliza ninajisumbua kwa nini?*
*Mama wa mtoto mmoja*

Marahaba, mwanangu. Hamu imekutoka kwa sababu kile ulichokifuata hukipati. Ulitaka kuwa na fungu la kuamulia mwenyewe, sasa umekuwa mfuko wa akiba wa duka la mtu mwingine, hata kama mtu huyo mnapendana.

Hauko peke yako. Kwa miaka mingi wataalamu walishangaa kwa nini mitaji waliyopewa wanawake haikuzi biashara zao kama ya wanaume. Wapo waliodhani wanawake hawajui biashara. Uchambuzi uliotoka mwaka 2019, uliopitia takwimu za India, Sri Lanka na Ghana, ukaonyesha kwamba sehemu ya ile mitaji ilikuwa ikihamia kwenye biashara za waume. Pale ambapo mwanamke ndiye mfanyabiashara pekee nyumbani, pengo lile halikuonekana. Ghana pia walijaribu kuwapa wanawake msaada kwa bidhaa na vifaa badala ya fedha taslimu, na kwa wale ambao biashara zao zilikuwa zimeshasimama, bidhaa ndizo zilizoleta faida. Fedha taslimu ni rahisi kuombwa, katoni la manukato si rahisi.

Kwa hiyo faida isilale mikononi. Siku uliyouza, siku hiyohiyo agiza mzigo mwingine. Duka likikwama kweli, mkopeshe, na uandike kwenye daftari lako tarehe na kiasi, mbele yake, kwa tabasamu. Usimwambie ni kwa sababu humwamini. Mwambie ndivyo hesabu zinavyoandikwa, na ni kweli ndivyo. Na kama hujafungua akaunti ya jina lako, fungua mwezi huu. Kule Ahmedabad, India, wanawake wa SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri alichokianzisha mwanasheria Ela Bhatt mwaka 1972, walipochoka kudharauliwa na mabenki walichanga rupia 10 kila mmoja, wanawake 4,000, wakaanzisha benki yao mwaka 1974. Wengi wao hawakujua kusoma, na walijua wanachokitaka: mahali pa kuweka pesa ambapo mkono wa mtu mwingine haufiki.

Barua ya nne

*Mama, mimi swali langu fupi. Nikianza biashara, wachumba hawatakimbia?*
*Bado niko kwa wazazi*

Baadhi watakimbia. Waache wakimbie mapema, kabla ya mahari. Wengine watakuja mbio kwa sababu ya biashara yenyewe, na hao ndio wa kuwachunguza zaidi: rudi usome barua ya tatu.

Ila neno moja la utani lenye ukweli ndani yake. Nimeona wasichana wakianza biashara ili wapate muda. Binti mwenye wateja na oda za kukamilisha ana sababu ya heshima ya kusema "tusubiri kidogo", na wazazi wanaikubali kuliko "sijawa tayari". Kama ndiyo yako, sikuulizi.

Barua ya tano

*Mama, shikamoo. Rafiki yangu wa tangu utotoni anataka tuanze pamoja, yeye ususi na mimi hina. Mama yangu anasema biashara huvunja urafiki. Peke yangu naogopa. Nifanyeje?*
*Mwenye miaka 21*

Marahaba, binti. Mama hajakosea, urafiki nimeuona ukivunjika kwa ajili ya deni dogo kabisa. Lakini na hofu yako ina haki yake. Kwa wateja wa ile benki ya Ahmedabad niliyoitaja, watafiti waliwahi kuendesha mafunzo ya biashara ya siku 2. Wanawake wengine walialikwa peke yao, wengine waliambiwa waje na rafiki. Baada ya miezi michache, waliokuja na rafiki ndio waliokuwa wamechukua mikopo zaidi na kuitumia kwenye biashara, na kipato cha nyumba zao kilikuwa juu zaidi. Tofauti ilikuwa kubwa hasa kwa wanawake wa familia zenye masharti makali. Sababu naielewa bila utafiti. Ukitoka peke yako unaulizwa unakwenda wapi. Mkitoka wawili hamuulizwi sana. Na siku mteja wa kwanza akikataa kulipa, yupo wa kucheka naye.

Sasa, kuwa pamoja si lazima kuwe ubia. Kaeni chumba kimoja, gawaneni kodi au umeme, pelekeaneni wateja, anayekuja kusuka aondoke na hina. Lakini kila mmoja awe na daftari lake, mtaji wake na sanduku lake la pesa lenye funguo zake. Bei ya kazi mnayofanya pamoja, kwa mfano bibi harusi anayetaka vyote viwili, ipangeni leo, na mwandike nani anapokea malipo na anamlipa mwenzake lini. Mwonyeshe mama karatasi hiyo kabla hujamwomba ruhusa, na umwombe akae na nakala yake.